Maneno 1,200 kichwani, na bado sikuelewa "nitaleta Jumamosi"

Hii nimeiahirisha muda mrefu, ila wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani Chikongola, hapa Mtwara, akanipa simu yake niangalie, ndani kuna orodha ya maneno 500 ya Kireno kayatoa sijui wapi, akaniambia mamdogo nikiyashika haya yote si nitakuwa nimeiva? Anajiandaa kwenda Nampula, Msumbiji, kufanya kazi na rafiki yake. Nikaitazama ile orodha nikaona kabisa daftari langu la mwaka 2014, mstari katikati, kushoto Kireno kulia Kiswahili, neno na maana, neno na maana, mpaka mwisho. Nikamwambia kaa kwanza. Tulichoongea siku hiyo ndicho naandika hapa, pamoja na mengine ambayo kwa haraka sikumwambia, kwa sababu najua siyo yeye peke yake, wapo wengi wanakariri hivyohivyo Kiingereza, Kichina, Kiarabu, na wengi wataishia kusema lugha ni ngumu au mimi kichwa changu kizito wakati shida iko kwenye daftari.

Wakati huo nilikuwa nauza vitenge na vyombo vya plastiki hapa Mtwara mjini. Anayejua huku kusini anajua, msimu wa korosho hela inatembea, kuanzia Oktoba mpaka karibu na mwaka mpya mtu ananunua bila kuuliza bei mara mbili, halafu ukifika mwezi wa tatu, wa nne, soko linalala. Dada mmoja ambaye meza zetu zilikuwa jirani alikuwa anapeleka mzigo ng'ambo ya mto Ruvuma mpaka Pemba, mji wa Msumbiji, siyo kile kisiwa chetu, akaniambia kule vitenge vinatoka, twende tuchangie usafiri. Nikamuuliza na lugha je? Akasema utaizoea hukohuko. Mimi sikutaka kuizoea hukohuko, nilitaka niende naijua. Baba yangu Mmakonde lakini nimekulia mjini, Kimakonde changu cha kusikia tu, na Pemba wengi ni Wamakua na Wamwani. Kimwani ukikitegea sikio unaambulia, maana ni ndugu wa Kiswahili, ila wenye mshahara, walimu, manesi, watu wa maofisini, hao ni Kireno, na karatasi za mpakani zote Kireno.

Nikanunua kaunta buku na kamusi ndogo ya Kireno kwa Kiingereza, ya Kireno kwa Kiswahili niliitafuta nikaikosa. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Kwa hiyo neno linatoka kwenye Kireno, linapita kwenye Kiingereza ninachokijua nusunusu, ndiyo linafika kwenye Kiswahili, na kila linapopita linadondosha kitu, ila wakati ule sikuliona hilo. Nikapanga maneno 10 kwa siku. Nikaanza na A kwa sababu kamusi inaanza na A. Wiki ya kwanza nikajua abacaxi ni nanasi, abelha ni nyuki, abóbora ni boga, na sijui kuuliza bei. Baadaye nikabadilisha nikaenda kwa mafungu, ukurasa wa rangi, ukurasa wa viungo vya mwili, ukurasa wa siku za wiki, ukurasa wa namba. Kila usiku watoto wakishalala nafungua daftari napitisha jicho, hili nalijua, hili nalijua, hili nalijua, naweka alama ya vema. Baada ya kama miezi mitano nikahesabu nikapata maneno 1,200 na ushee, nikamwambia mume wangu sasa niko tayari.

Tulipita mpaka wa Kilambo. Mto tulivuka kwa mtumbwi, mizigo ikafuata kwenye mtumbwi wa pili, tukafika ofisi ya upande wa Msumbiji pale Namoto. Afisa akanitazama akasema kitu kifupi tu, "Traz o quê?" Sikupata hata silabi moja. Akarudia. Akarudia tena kwa sauti kubwa, watu wote wananiangalia. Yule dada akajibu kwa niaba yangu, "capulanas", tukapita. Tukiwa juu ya pikapu kuelekea Palma nikamuuliza kaniuliza nini yule, akasema kauliza unaleta nini. Nikafungua daftari palepale. Neno lipo. Trazer, kuleta, nimelipigia vema mara tatu. Na kitenge nilikuwa nimekariri tecido, ambayo ni kitambaa chochote kile, wakati kule kuanzia mtoto mdogo kila mtu anasema capulana.

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu sisi Waswahili tunaangukia hapa wengi. Kitenzi chetu mzizi wake haukimbii. Leta, naleta, ameleta, hawataleta, ukisikia "leta" humo ndani umeshashika. Tumezoea hivyo tangu utotoni kwa hiyo tunadhani na wenzetu ni hivyo. Trazer ni jina la kitenzi tu kwenye kamusi, ukisema mimi naleta inakuwa trago, yeye analeta ni traz, alileta ni trouxe. Ir ni kwenda, lakini naenda ni vou na alienda ni foi, ile ir yenyewe huioni humo. Na vinavyogeuka hivi siyo vile vya nadra, ni vilevile vya kila siku, kuwa, kwenda, kuja, kufanya, kuleta, kuweka. Kwa hiyo nilikuwa nimekariri mlango wa nyumba na watu wa ndani siwajui.

Mocímboa da Praia tulilala, basi la Pemba linaondoka alfajiri kabisa, na Pemba nikapata nafasi kwenye kibanda cha mama mmoja mwenyeji, Mmwani, mtu mwema sana, nikawa namlipa kwa siku. Siku ya pili akaja nesi, kavaa sare yake nyeupe, kachagua vitenge viwili. Nilikuwa nauza meticais 250, hela ya kule, viwili 500, hilo nililisema vizuri na akanielewa, nikafurahi. Akatoa noti ya 200 akanipa, akaweka vitenge kwenye mkoba, akaniambia taratibu kabisa huku kanishika mkono: "Mamã, fico a dever trezentos, trago sábado."

Nataka mwone kilichotokea kichwani kwangu. Fico, nikajua hii ni ficar, kukaa. Dever, hili nalo lipo daftarini, nimeandika "kupaswa, lazima". Trezentos, mia tatu. Trago, giza. Sábado, Jumamosi. Nikaunganisha: anakaa, lazima, mia tatu, Jumamosi. Kulikuwa na mwenzake kasimama ng'ambo ya barabara, nikadhani anaenda kuchukua ile 300 kwake, nikasema sim, sim, na kutabasamu. Akaondoka. Hakurudi. Kumbe dever hiyohiyo ndiyo kudaiwa pia, na fico a dever ni sentensi moja iliyoshikana, maana yake nabaki nadaiwa, yaani naomba nikukope, na trago sábado ni nitaleta Jumamosi. Aliomba kwa heshima zote na mimi nikakubali kwa heshima zote, ila mmoja tu kati yetu ndiye aliyejua tumekubaliana nini.

Habari ikatembea kwamba kuna mama wa Tanzania anakopesha. Mpaka Ijumaa watu tisa walishanipa nusu nusu na kuondoka, wengine wakisema sentensi ileile na mimi nikiwaitikia, maana kila mmoja nilidhani anarudi. Jumla meticais 4,600, kwa hela yetu wakati ule karibu laki mbili na nusu. Jina la mtu hata mmoja sikuandika. Jioni ya Ijumaa ndiyo yule mama wa kibanda, kwa Kimwani chake na Kiswahili cha hapa na pale, akanielewesha hawa wote watakuja kesho. Na tiketi yangu ya alfajiri nilishaikata, watoto nyumbani, mtaji wenyewe sehemu ni wa kikoba. Nilipanda basi nalia, sioni haya kulisema. Maneno 1,200 nilikuwa nayo, na hayo matano yaliyonitia hasara, manne yalikuwemo humohumo daftarini.

Nilirudi Mtwara nikaamua lugha siyo yangu. Nikakaa miezi miwili bila kufungua daftari.

Kilichonirudisha ni kijana mmoja wa Msumbiji aliyekuwa kibarua gereji ya jirani hapa mtaani. Alikuwa anajifunza Kiswahili na yeye ana kijidaftari chake, mstari katikati kama mimi. Jioni moja akaja kununua ndoo akaniuliza, mama, naomba unieleze, kwenye daftari nimeandika piga ni bater, kumchapa mtu, sasa leo bosi kaniambia kapige simu, jana mke wake kasema anapiga pasi, asubuhi mtoto anapiga mswaki, na redioni wanasema watu wakapige kura, mbona vyote hivi vinapigwa? Aliuliza kwa uchungu kabisa, kachoka. Nikaanza kumjibu nikajikuta sina jibu. Piga hodi, piga deki, piga magoti, piga picha, piga hatua. Nilivyokuwa nazitaja ndiyo nikaona, mimi sikuwahi kujifunza neno "piga" hata siku moja maishani. Nimejifunza piga simu nikiwa kwenye simu, piga hodi nikiwa mlangoni kwa mtu, kila moja na mahali pake, na nikitaka kuitumia inakuja nzima. Na yeye alichofanya ni kuing'oa piga peke yake, akaikausha, akaibandika kwenye daftari. Nikakumbuka fico a dever.

Tukapatana, saa moja jioni, nusu saa Kiswahili nusu saa Kireno, malipo chai na vitumbua. Nikamwambia nieleze ficar. Akafikiria, akasema hiyo ficar ni kama piga yenu. Akaanza kunipa: quanto fica tudo, yote kwa pamoja inakuwa bei gani. Fica onde, iko wapi. Essa fica bem, hiyo imependeza, na fica bem hiyohiyo ukimuaga mtu ni baki salama. Fica para amanhã, tuiache mpaka kesho. Fico a dever. Zote tano kwenye daftari langu zilikuwa neno moja, "kukaa". Usiku ule sikukariri kitu, nilichukua kurasa mpya nikaandika sentensi tano na chini ya kila moja nikaandika nani anaisema, kwa nani, mkononi kashika nini.

Kutoka hapo niliacha kuhesabu maneno. Kitu cha kwanza nilichofanya, na hiki ndicho ningemshauri mtu yeyote kabla hata ya kununua kamusi, nilikaa mezani kwangu sokoni Mtwara siku nzima na karatasi, nikawa naandika kwa Kiswahili kila kinachosemwa kati yangu na mteja. Neno kwa neno. Jioni nikasoma nikashangaa vitu viwili. Kwanza, ni vichache! Siku nzima ya biashara mazungumzo yanajirudia, bei gani, punguza, sina chenji, kuna rangi nyingine, naangalia tu, nitarudi, niwekee hiki. Pili, zaidi ya nusu siyo maneno yangu, ni ya mteja. Na mimi miezi mitano yote nilikuwa nimejiandaa kusema, sikujiandaa kuambiwa. Ukisema wewe unaweza kuzunguka ukatumia neno lingine au kidole, lakini anayekuambia hachagui maneno unayoyajua wewe.

Yule kijana akanigeuzia yote kwa Kireno cha kwao, siyo cha kamusi. Quanto é. Faz lá um desconto. Não tenho trocado. Tem outra cor? Só estou a ver. Volto já. Na akanisomea kwa kasi yao, na hapo nikakuta shimo lingine, kwamba nilikuwa najua maneno kwa macho tu. Sisi tunasoma herufi kama zilivyo, kwa hiyo saco kichwani kwangu ilikuwa "sako", kumbe mdomoni ni "saku", troco ni "troku", dinheiro ile nh ni ny, está inamezwa inabaki "tá", na quanto é inatoka kama neno moja. Nikaanza kuandika mara mbili, juu kama linavyoandikwa, chini kama sikio langu linavyolisikia, kwa herufi za Kiswahili. Na nikamrekodi kwenye simu, kwa sauti yake, nikawa nasikiliza nikipika. Kama una simu ya kurekodi na mtu mmoja anayeijua lugha, hicho kitu hakina gharama na ndicho kilichonisaidia kuliko vyote.

Upande wa kukumbuka alinisaidia jirani yetu mmoja, mwalimu wa chuo. Nilimwonyesha nilivyokuwa nasoma mistari kila usiku na kuweka vema. Akasema ukisoma neno na maana iko pembeni, jicho linakudanganya, unajiona unalijua kwa sababu unaliona. Funika maana, jivute mwenyewe, ukikosa ndiyo ujue hulijui. Akanieleza kuhusu Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, anakariri silabi zisizo na maana halafu anapima anavyosahau, akaona kingi kinapotea mapema, saa na siku za kwanza, halafu kasi inapungua, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurundika kwa mkupuo. Na mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, miaka ya 1970 ndiye aliyeeneza ile njia ya boksi la kadi, na hiyo niliitengeneza siku hiyohiyo kwa boksi la viatu. Vyumba vitano. Kadi mpya chumba cha kwanza unaipitia kila siku, ukiipata inasogea cha pili unaipitia baada ya siku mbili, ikipatikana tena cha tatu, na kuendelea mpaka cha mwisho ambacho unakifungua mara moja kwa mwezi. Ukikosa popote, kadi inarudi chumba cha kwanza bila huruma. Karatasi za manila, mkasi, basi.

Ila na hapo nilikosea. Kwa hamu nilitengeneza kadi 300 ndani ya wiki mbili, chumba cha kwanza kikajaa, kila jioni natakiwa kupitia kadi 80 na kuendelea, nikaanza kuliogopa boksi, nikalisukuma chini ya kitanda wiki nzima. Mwalimu akasema kadi tano mpya kwa siku, na siku ukichoka usiongeze, pitia za zamani tu. Kosa lingine, kadi za mwanzo niliandika neno moja moja, yaani daftari lilelile nimelikata vipande. Nikazichana. Kadi mpya upande mmoja tukio kwa Kiswahili, "mteja hana hela yote, anaomba kukopa, ataleta Jumamosi", upande wa pili sentensi kama wanavyoisema. Na jina la kitu siandiki peke yake, naandika na o au a yake, o saco, a balança, kwa sababu kule jina lina jinsia na maneno mengine yanalifuata, kama kwetu mtu akijua "kiti" bila kujua ni viti hivi, bado hajajua kiti.

Safari ya pili nilipofika Pemba yule mama wa kibanda aliingia ndani akatoka na kikaratasi kimefungwa. Nesi alikuja Jumamosi ileile. Aliacha 300 yake, na wengine wawili waliacha zao, jumla 900. Waliobaki sita sikuwaona tena. Nesi nilimtafuta mpaka nikampata, akawa mteja wangu miaka yote, na yeye ndiye aliyenizoesha kujibu "ainda" peke yake mtu akikuuliza já comeu, umeshakula, unajibu ainda, bado. Hapo Kiswahili kilinibeba, maana bado na tayari vyetu vinakaa mlemle kwenye ainda na já.

Safari ya tatu ndiyo niliyopoteza oda kubwa kuliko zote, na hii ilitokana na ukurasa wa zamani ambao sikuufuta kichwani. Mwalimu mmoja wa kike alitaka vitenge 20 vya sare ya harusi, tukapatana aje kuchukua quinta-feira. Wareno siku za wiki wanazihesabu, segunda ya pili, terça ya tatu, quarta ya nne, quinta ya tano, sexta ya sita, na wanaanza kuhesabu Jumapili. Na sisi tunahesabu ila tunaanza Jumamosi, mosi, pili, tatu, nne, tano. Mimi nilizikariri zote jioni moja kwenye ukurasa mmoja kwa hiyo zilikuwa zimegandana, na nikisikia ya tano kichwa kinanipeleka Jumatano. Jumatano nikakaa na mzigo kutwa nzima, hakuja. Alhamisi nikajua kaghairi, nikafunga nikaondoka. Alikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Quinta ni Alhamisi, na ukiangalia hata hiyo Alhamisi yenyewe asili yake Kiarabu ni ya tano, nayo imehesabiwa kuanzia Jumapili kama ya Wareno, kwa hiyo Kiswahili kina siku mbili za tano, na mimi nikashika ile isiyo yake. Mtu angenifundisha quinta peke yake, kwa Alhamisi moja yenye shughuli ninayoijua, nisingeichanganya. Paul Nation wa New Zealand, ambaye kaandika sana kuhusu kujifunza msamiati, kalieleza hili, kwamba maneno ya fungu moja yakiingia kwa pamoja yanaparamiana. Ndivyo ilivyokuwa pia sessenta na setenta, 60 na 70, ukurasa mmoja, mstari wa juu na wa chini, mpaka leo nikisikia mojawapo naomba mtu aandike.

Wapo watakaosema Kireno kwetu rahisi kwa sababu meza ni mesa, bendera ni bandeira, parafujo ni parafuso, foronya ni fronha. Ni kweli hayo unayapata bure na uyachukue. Lakini angalia na yaliyobadilika njiani. Gereza letu limetoka kwenye igreja, ambayo ni kanisa, na ukienda Kilwa Kisiwani, mahali Wareno walipofika kwa nguvu mwaka 1505, ile ngome mpaka leo inaitwa Gereza. Kijana akiniambia vou à igreja anaenda kusali. Na pera ya Kireno siyo mapera haya ya kwetu, letu kwao ni goiaba.

Kama mwaka na nusu hivi baada ya boksi, nilikuwa naongea. Siyo kwa ufasaha, lakini nabishana bei, natania, naandika deni na jina na siku. Kadi zilikuwa hazizidi 600, nusu ya daftari la kwanza.

Halafu Oktoba 2017 vita ikaanza Mocímboa da Praia, mji uleule tuliokuwa tunalala, nikaacha kwenda. Machi 2021 ikafika Palma. Yule mama wa kibanda tuliongea kwa simu mara ya mwisho mwaka 2019, namba yake sasa haipatikani, na naomba popote alipo awe mzima. Kireno kimebaki, natumia na akina mama wa Msumbiji waliopo hapa mjini, wengine nawasaidia wakienda hospitali.

Kwa hiyo mtoto wa dada yangu nilimwambia simu weka pembeni. Nikamuuliza kule utafanya kazi gani hasa, akasema kushusha mizigo na kuhesabu stoo. Basi asubuhi akafika nani, akakuambia nini? Akafikiria. Tukakaa kama saa tatu, tukaigiza, mimi bosi yeye kibarua, mimi dereva yeye stoo. Falta um saco, limepungua gunia. Põe ali, weka pale. Já contaste, umeshahesabu. Sentensi 11 tu tukapata, na zote nimemrekodia kwa sauti yangu, kisha nikampeleka kwa mama mmoja wa Montepuez, Msumbiji, anayekaa Magomeni ya hapa Mtwara, naye akazirekodi upya, maana matamshi yangu mengine bado. Boksi la viatu nimempa langu la zamani, kadi nimetoa. Anaondoka quinta. Nilimuuliza ni lini hiyo, akaanza kuhesabu vidole, nikamshika mkono nikamwambia anzia Jumapili.